Captain America namba 99 haikupotea, imo ndani ya Tales of Suspense

Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe jambo moja katika makala yenu ya juzi kuhusu mashujaa wa katuni wa Marekani. Mliandika kwamba mwaka 1968 kampuni ya Marvel ilianzisha jarida la Captain America ikalipa namba 100 tangu toleo la kwanza, ili lionekane kongwe machoni pa wanunuzi. Sivyo ilivyokuwa. Namba 1 hadi 99 zilitoka zote, moja baada ya nyingine, kuanzia toleo la Januari 1959. Jina la jarida hilo ni Tales of Suspense. Anayeitafuta Captain America namba 99 atazunguka bure, kwa kuwa toleo analolitaka lina jina jingine juu ya jalada. (Liko pia jarida la zamani, Captain America Comics, lililoanza Machi 1941 na kuishia namba 78 mwaka 1954. Hilo ni jarida jingine kabisa na hesabu yake haiingii hapa.)

Kwa msomaji wa kawaida kosa hilo ni dogo, lakini linaficha jambo kubwa. Wengi wa mashujaa tunaowaona leo katika filamu hawakuzaliwa katika majarida yenye majina yao. Walizaliwa katika majarida mseto, yaani jarida moja lenye hadithi kadhaa za wahusika wasiohusiana, na baadhi yao walikaa humo miaka. Kilichowaweka humo, na kilichowatoa karibu wote kwa mkupuo ndani ya miezi mitatu, ni mikataba ya usambazaji na hesabu za kurasa. Ubunifu ulikuja baada ya hayo.

Tuanze mbali kidogo. Action Comics namba 1, ya Juni 1938, iliuzwa senti 10 ikiwa na kurasa 64 za ndani. Superman alipewa 13 tu. Nyingine zilijaa wachunga ng'ombe, mwandishi wa habari, mwanamichezo, msafiri Marco Polo na mfanya mazingaombwe aitwaye Zatara. Jerry Siegel na Joe Shuster walilipwa dola 130, ambazo ni dola 10 kwa ukurasa, na kwa malipo hayo wakakabidhi haki zote za mhusika wao. Mchapishaji mwenyewe hakuwa na hakika na alichokinunua. Yapange majalada ya miezi ya mwanzo utaona: Superman yuko namba 1, kisha hayupo hadi namba 7, halafu anaonekana 10, 13, 15 na 17, na kuanzia 19 hashuki tena. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya jarida mseto kwa mwenye mtaji: anaijaribu bidhaa mpya bila kuitolea jarida zima. Ikikataliwa, zimepotea kurasa 13 tu, na zilizobaki bado zina wasomaji wake. Batman alipoingia Detective Comics namba 27, Mei 1939, alipewa kurasa 6.

Mpango huo ulifikishwa mbali zaidi na All Star Comics. Kuanzia namba 3, ya majira ya baridi ya 1940 kuingia 1941, mhariri Sheldon Mayer na mwandishi Gardner Fox waliwakalisha meza moja mashujaa wa majarida mbalimbali na kuwaita Justice Society of America. Watu hulitaja toleo hilo kuwa mwanzo wa vikosi vya mashujaa, na ni kweli, lakini ukilifungua utakuta bado ni jarida mseto: kuna kikao mwanzoni na kikao mwishoni, na katikati kila mmoja ana sura yake peke yake. Kulikuwa na kanuni ambayo leo inashangaza. Shujaa akipata jarida lenye jina lake alitoka kwenye chama na kuwa mwanachama wa heshima, na ndivyo walivyoondoka Flash na Green Lantern. Kibiashara kanuni hiyo ilikuwa na maana. All Star lilikuwa tangazo la kudumu kwa wale wasio na jarida lao, na aliyekwisha kulipata hakuhitaji kutangazwa tena. Hadithi za chama hicho zilipokoma kwa namba 57 mapema mwaka 1951, jarida halikufungwa. Lilibadilishwa jina likawa All-Star Western, namba 58.

Kubadilisha jina huku namba zikiendelea kulitokana na posta. Jarida lililosajiliwa kama chapisho la mara kwa mara lilisafirishwa kwa wanaojiandikisha kwa nauli nafuu, na usajili wa jarida jipya ulikuwa na ada na makaratasi yake. Mchapishaji aliyelibatiza upya jarida la zamani aliendelea kutumia usajili uleule. Posta hiyohiyo ndiyo iliyosababisha majarida ya katuni ya wakati ule kuwa na kurasa mbili za maandishi matupu ambazo watoto waliziruka: bila hizo ilikuwa vigumu kudai kwamba hilo ni jarida. Basi hoja yenu ya ukongwe ina chembe ya ukweli, kwani muuza magazeti aliiamini namba kubwa kuliko namba 1. Lakini namba yenyewe ilikuwa halali.

Sasa turudi kwa Tales of Suspense. Mmiliki wake, Martin Goodman, ambaye kampuni yake ya majarida ndiyo iliyokuja kuitwa Marvel, alikuwa pia na kampuni yake ya usambazaji, akaifunga mwaka 1956 na kuhamishia kazi kwa American News Company, iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini humo. Katikati ya mwaka 1957 kampuni hiyo kubwa ikajitoa katika usambazaji wa majarida, na Goodman akabaki na majarida bila mtu wa kumfikishia mali vibandani. Aliyekubali kumbeba alikuwa Independent News, kampuni iliyomilikiwa na washindani wake, nyumba ya Superman na Batman ambayo leo inaitwa DC. Masharti yalikuwa makali: majarida 8 hivi kwa mwezi, basi. Goodman aliyagawa kwa ujanja. Alichapisha majarida 16, kila moja likitoka mara moja kwa miezi miwili, ili idadi ya mwezi isizidi.

Ndani ya uzio huo kila nafasi ilikuwa ya thamani, na jarida mseto ndilo lililoitumia vizuri zaidi. Tales of Suspense na pacha wake Tales to Astonish yalianza pamoja Januari 1959, yakaungana na Strange Tales la tangu 1951 na Journey into Mystery la tangu 1952. Mwanzoni hapakuwa na shujaa hata mmoja. Kulikuwa na madubwana kutoka sayari nyingine. Hadithi ya kwanza kwa kawaida ilichorwa na Jack Kirby, na ya mwisho, fupi, yenye kugeuka ghafla katika picha za mwisho, mara nyingi ilikuwa ya Steve Ditko. Groot, yule mti wa filamu za karibuni, alitokea kwanza Tales to Astonish namba 13 ya Novemba 1960, na alikuwa mvamizi, wala hakuwa rafiki wa mtu.

Fantastic Four ilipovuma mwishoni mwa 1961, Goodman alitaka mashujaa zaidi lakini hakuwa na pa kuwaweka. Kuanzisha jarida jipya kulimaanisha kuua jingine. Ndiyo maana mashujaa waliingizwa katika nyumba za madubwana: Thor katika Journey into Mystery namba 83, Agosti 1962; Ant-Man katika Tales to Astonish namba 35, Septemba; Human Torch katika Strange Tales namba 101, Oktoba; na Iron Man katika Tales of Suspense namba 39, yenye tarehe ya Machi 1963. Hulk ndiye aliyepewa jarida lake mapema, Mei 1962, nalo likafa kwa namba 6. Spider-Man alitokea Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962, katika hadithi ya kurasa 11 iliyofuatwa na hadithi fupi tatu zisizomhusu. Watu hupenda kusimulia kwamba aliwekwa humo kwa sababu jarida lilikuwa linafungwa, hivyo hapakuwa na cha kupoteza. Ukisoma ujumbe kwa wasomaji ndani ya toleo lenyewe, unaahidi kwamba Spider-Man ataendelea kutoka katika jarida hilohilo. Jarida lilifungwa kweli, naye akapata lake Machi 1963, ila waliolipanga toleo lile hawakuwa wakiaga.

Iron Man ni mfano mzuri wa jinsi shujaa alivyoimeza nyumba aliyokaribishwa. Katika namba 39 alikuwa na kurasa 13. Kisa kilitungwa na Stan Lee, maneno yakaandikwa na mdogo wake Larry Lieber, Don Heck akachora kurasa za ndani, na Kirby akachora jalada pamoja na kubuni vazi la chuma. Vazi lilikuwa la kijivu. Toleo lililofuata likapakwa dhahabu. Na namba 48, Desemba 1963, Ditko alilichora upya, jembamba, jekundu na dhahabu, lile linalotambulika hadi leo. Kurasa zilizobaki ziliendelea kubeba hadithi fupi za kurasa 5. Kuanzia namba 49 hadithi hizo zikawekwa chini ya msimulizi mmoja, Watcher, na zikaishia namba 58. Wakati huohuo Black Widow aliingia namba 52 na Hawkeye namba 57, wote wawili wakiwa maadui wa Iron Man. Namba 58, Oktoba 1964, Captain America alikuja kama mgeni akapigana na mwenye nyumba. Namba 59 akahamia. Tangu hapo jarida lilikuwa na wapangaji wawili, kila mmoja na chumba chake, na mlango mmoja wa mbele.

Hesabu ya vyumba hivyo inafaa kuangaliwa, maana ndiyo iliyoamua namna hadithi zilivyosimuliwa. Jarida la senti 12 lilikuwa na kurasa 32 za ndani. Ukiondoa matangazo, barua za wasomaji na matangazo ya majarida ndugu, zilibaki 20 na ushei za hadithi, hivyo kila shujaa alipata kati ya 10 na 12. Ukurasa wa kwanza ni picha moja kubwa. Kipande cha ukurasa wa pili, wakati mwingine wote, hukumbusha yaliyopita mwezi uliotangulia. Picha za mwisho humwacha shujaa mashakani ili msomaji arudi. Mchoraji wa kurasa 10 alibaki na 7 au 8 za kusogeza kisa. Kirby alifaidika na ufinyu huo kuliko wote: hadithi yake ya Cosmic Cube, namba 79 hadi 81 za mwaka 1966, ni kurasa 30 kwa jumla na hakuna picha iliyokaa bure. Mchoraji Jim Steranko naye alianzia katika ufinyu huohuo, katika sehemu ya jasusi Nick Fury ndani ya Strange Tales kuanzia namba 151, Desemba 1966, na majaribio yake ya mpangilio wa picha yanaeleweka vizuri zaidi ukikumbuka kwamba hakuwa na nafasi ya kusimulia kwa utaratibu wa kawaida. Kwa upande wa Iron Man, siwezi kuficha, ufinyu uliumiza. Visa vingi vya mwaka 1965 vinakatika pale vinapoanza kunoga, na ni Gene Colan, aliyeingia namba 73 kwa jina la bandia la Adam Austin, aliyevipa pumzi kwa kutumia picha kubwa zenye mwendo.

Mpango wa wapangaji wawili ulikuwa na kasoro zake za kikazi pia. Kwanza, hakuna aliyejua nani anauza. Sheria ya posta ilidai taarifa ya mwaka yenye wastani wa nakala zilizouzwa, na taarifa hiyo ilichapishwa ndani ya jarida, lakini ilihesabu jarida zima. Msomaji wa Iron Man na wa Captain America walikuwa namba moja kwenye karatasi. Kilichobaki ni kukisia kutokana na barua. Kasoro nyingine ilikuwa jalada: wawili hawaenei vizuri juu ya jalada moja, kwa hiyo walipeana zamu au jalada likagawanywa, na mwezi ambao si zamu yake shujaa alijikuta katika kona. Tatu ni ucheleweshaji. Mchoraji mmoja akikwama, mashujaa wawili wanachelewa. Mwaka 1966 mapambano ya Iron Man na Sub-Mariner, shujaa wa baharini aliyekuwa mpangaji wa Tales to Astonish, yalianzia Tales of Suspense namba 80 na kuendelea Tales to Astonish namba 82, yote mikononi mwa Colan. Akaugua katikati ya kazi, na Kirby akaingia kusaidia. Linganisha kurasa za hadithi hiyo uone mkono unavyobadilika. Na msomaji aliyenunua Tales of Suspense peke yake alikosa sehemu ya vita, jambo ambalo bila shaka wauzaji walilipenda kuliko wasomaji.

Mwaka 1968 nyumba zote tatu za wapangaji wawili zilivunjwa: Tales of Suspense ya Iron Man na Captain America, Tales to Astonish ya Hulk na Sub-Mariner, na Strange Tales ya Doctor Strange na Nick Fury. Vitabu vingi vinasema ni kwa sababu Marvel iliuzwa kwa Perfect Film and Chemical Corporation na kupata msambazaji mpya, Curtis. Tarehe zinakataa. Majarida yaligawanywa kwa matoleo ya Aprili hadi Juni 1968. Mauzo ya kampuni yalifuata baadaye mwaka huohuo, na kuhamia Curtis kukaja baada ya hapo. Independent News walikuwa wamekwisha kuilegeza ile kamba wenyewe, kwa kuwa majarida ya Goodman yalikuwa yakiuzika na wao walipata fungu lao kwa kila nakala. Ushindani una mipaka yake pale faida inapoingia mfuko wa msambazaji.

Huu hapa mtiririko wenyewe, kwa anayetaka kusoma bila kupoteza kipande. Tales of Suspense liliishia namba 99, Machi 1968. Captain America alirithi hesabu, namba 100, Aprili. Hadithi yake yenye Black Panther imeanza kabla ya mgawanyo na kuishia baada yake, hivyo usianze na namba 100 ukidhani ni mwanzo. Rudi hadi Tales of Suspense namba 97. Iron Man alipewa hesabu mpya, namba 1, Mei. Angalia pengo la Aprili. Sehemu yake ya mwezi huo ilitoka katika toleo la pekee liitwalo Iron Man and Sub-Mariner namba 1, na anayeliruka huingia Iron Man namba 1 akiwa amekosa sehemu nzima ya kisa kilichoanzia Tales of Suspense. Toleo hilohilo linabeba kiungo cha Sub-Mariner, kati ya Tales to Astonish namba 101 na jarida lake jipya la Mei. Hulk alirithi hesabu ya Tales to Astonish kuanzia namba 102, Aprili. Ndiyo sababu jarida la Incredible Hulk lina namba 1 hadi 6 za mwaka 1962 na 1963, halafu 102. Namba 7 hadi 101 za jarida lenye jina hilo hazikuchapishwa kamwe katika mfululizo huo, na anayekuuzia moja ya hizo ama amekosea ama anakudanganya. Strange Tales liliishia namba 168, Mei. Doctor Strange akaendelea na 169, Juni, na Nick Fury akaanza na 1.

Kisha Marvel ikajichanganya yenyewe. Mwaka 1973 ililifufua jina la Strange Tales na kulipa namba 169, kwa ajili ya shujaa mwingine, Brother Voodoo. Kwa hiyo kuna warithi wawili halali wa Strange Tales namba 168, wote wana 169 kifuani. Thor aliyabadilisha majina kwa njia tofauti: Journey into Mystery liligeuka Thor kwa namba 126, Machi 1966, likarudia jina la zamani kwa namba 503 mwaka 1996, na likafanya hivyo tena kwa namba 622 mwaka 2011.

Kwa hiyo ukishika nakala, usiliamini jalada peke yake. Miaka ya mwisho ya majarida mseto majina ya mashujaa yalichapwa makubwa kuliko jina la jarida, na ndiyo maana watu huandika Thor namba 110 wakati hakuna kitu hicho. Tafuta maandishi madogo ya kisheria chini ya ukurasa wa kwanza wa ndani. Jina lililo hapo ndilo jina. Tarehe ya jalada nayo haisemi siku ya kuuzwa. Ilikuwa mbele kwa miezi miwili au mitatu, ikimwambia muuzaji lini aliondoe jarida kibandani na kudai fidia ya zisizouzwa. Toleo la Iron Man lenye Machi 1963 lilikuwa sokoni Desemba 1962. Hesabu kurasa kabla ya kulipa. Jarida limetengenezwa kwa karatasi 8 zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa pini mbili, na karatasi ya kati, yenye kurasa za 15 hadi 18, ndiyo inayochomoka kwanza. Katika jarida la shujaa mmoja ni hasara ya kipande cha kati. Katika jarida mseto mara nyingi huangukia karibu na pale hadithi ya kwanza inapoishia na ya pili inapoanza, kwa hiyo unapoteza mwisho wa moja na mwanzo wa nyingine. Geuza pia kurasa za matangazo. Kuponi iliyokatwa upande mmoja mara nyingi imeondoka na picha ya hadithi upande wa pili.

Anayesoma kwa vitabu vya mkusanyo ana tatizo jingine. Vitabu hivyo hupangwa kwa shujaa: nusu ya Tales of Suspense imo katika vitabu vya Iron Man na nusu imo katika vya Captain America. Kwa kufuata kisa ni sawa. Lakini kurasa za barua, ambazo katika jarida hili ziliitwa Mails of Suspense, kwa kawaida huachwa, na hadithi fupi za kujazia zilizozunguka Iron Man wa mwanzo hutengwa naye. Anayetaka kuelewa jarida lilivyokuwa mikononi mwa mtoto aliyelipa senti 12 hana budi kuvifungua vitabu viwili kwa pamoja na kuvisoma toleo kwa toleo.

Majaribio ya kurudisha mfumo huo yamekuwa mengi na mengi hayakudumu. Mwaka 1970 Marvel ilianzisha Astonishing Tales na Amazing Adventures, kila moja na wapangaji wawili, na yote mawili yakarudi kwa shujaa mmoja baada ya matoleo machache. Mwaka 1988 Action Comics liligeuzwa la kila wiki kuanzia namba 601, Superman akabakiziwa kurasa 2 tu katika jarida alilolianzisha. Mwaka uliofuata, baada ya namba 642, likarudi kuwa la kila mwezi. Marvel Comics Presents lililoanza mwaka huohuo wa 1988 ndilo lililofanikiwa zaidi: hadithi 4 za kurasa 8, kila wiki mbili, matoleo 175 hadi 1995. Siri yake ilikuwa kumweka Wolverine katika sehemu kubwa ya matoleo hayo, na hadithi bora humo, Weapon X ya Barry Windsor-Smith, namba 72 hadi 84 za mwaka 1991, inamhusu yeye. Hapo ndipo penye ugumu. Miaka ya 1960 msomaji alinunua jarida mseto kibandani, kwa bei sawa na majarida mengine, akitafuta burudani ya senti 12. Miaka ya 1980 alinunua katika duka maalumu akijua anamtaka nani, na akikuta kurasa 8 zake na 24 za wengine, anahesabu kwamba amelipia robo tu ya alichokitaka. Kurasa 8 pia ni chache mno kwa hadithi inayoendelea. DC walilijibu tatizo hilo kwa njia yao mwaka 2009 na Wednesday Comics: wiki 12, karatasi kubwa ya gazeti lenu, hadithi 15, kila moja ukurasa mmoja mpana. Hapo kila ukurasa uliuza wenyewe.

Na Tales of Suspense namba 100 nayo ipo: ilichapishwa mwishoni mwa 2017. Ina Hawkeye na Winter Soldier, ikaendelea hadi 104. Kwa hiyo namba 99 ya Machi 1968 ina warithi wawili wenye namba 100, wakitenganishwa na karibu miaka 50. Mkichapisha tena orodha ya mashujaa na matoleo waliyoanzia, naomba namba iandikwe pamoja na jina la jarida lililo katika maandishi madogo ya ndani, pamoja na mwaka. Bila hivyo anayeitumia orodha dukani atarudi na toleo lisilo lenyewe.

Msomaji wenu wa siku nyingi